Sikio la Ng'ombe wa Lenku

Pu. Kimya kidogo. Pu.

Editha alifumbua macho gizani akasikiliza. Mwanzo alidhani ni panya kwenye gunia la mpunga. Kisha akadhani ni bomba la uani linadondokea ndoo, ila bomba lilikuwa halijatoa maji tangu juzi. Pu. Mlio ulikuwa wa kitu laini kinachobandikwa na kubanduliwa, na ulitoka sakafuni, upande wa miguuni pa kitanda. Nje, jogoo wa jirani ndiyo kwanza alikuwa analijaribu koo lake.

"Agnesi?"

"Bee."

"Unafanya nini huko?"

"Nachunga."

Editha aliwasha tochi ya simu. Mwanawe wa miaka mitano alikuwa ameketi sakafuni, gauni limepandishwa hadi kiunoni, mapaja na magoti yamejaa vichwa vya ng'ombe vya rangi ya zambarau, safu kwa safu, kama mifugo iliyobanana mlangoni pa zizi. Kopo la mihuri lilikuwa wazi na pedi ya wino imelazwa juu ya kandambili za baba yake. Mbele yake, juu ya kipande cha manila kilichoharibika, alikuwa amemsimamisha ng'ombe wa udongo, mdogo kama kiganja.

"Mwanangu, huo wino hautoki kwa maji matupu. Kanisani kesho utakwendaje na kundi zima miguuni?"

"Hawa ni wa Lenku," alisema Agnesi, bila kuonyesha kujuta. "Na huyu wa udongo ndiye mama yao. Lakini hawafanani naye."

"Hawafanani vipi?"

"Yeye amekatwa sikio la huku. Wao wamekatwa la huku."

Editha alikuwa bado anatabasamu alipoinama. Alimwinua ng'ombe wa udongo, akamwelekeza uso kwake, akamweka ubavuni mwa kile kipande cha manila. Tabasamu likamwisha polepole, kama maji yanavyozama mchangani. Pengo la sikio la ng'ombe wa udongo lilikuwa upande mmoja. La ng'ombe wa wino lilikuwa upande wa pili.

Aliuchukua muhuri wenyewe, soli ya ndala ya kijani iliyochongwa kwa wembe. Juu ya soli pengo lilikuwa mahali pake, sawasawa kabisa na la udongo. Ndiyo, alimwangalia yule wa udongo akamchora kama alivyomwona. Na muhuri ukafanya kazi yake ya kila siku. Ukageuza.

Kadi arobaini zilikwishaondoka Kilosa tangu Jumatano.

Si kwamba Editha hakujua kuwa muhuri hugeuza. Kuchonga alikujifunza kwenye madarasa ya jioni, alikorudia masomo ya sekondari aliyoyakatisha alipopata mimba ya Agnesi. Mwalimu mmoja alimwonyesha jinsi soli ya ndala iliyochakaa inavyoshika wino na kuacha picha, na tangu siku hiyo hakuna ndala iliyotupwa mtaani kwao ikaona jua la pili. Majirani walimtania, "Fichieni miguu, mama Agnesi anapita." Alitengeneza kadi za Krismasi, za Idi, za hongera ya mtoto. Alitengeneza pia vikadi vidogo vya ukubwa wa karata, kila kimoja na mnyama wake na rangi yake, visivyojirudia. Hivi alivipeleka duka moja la vinyago pale Mikumi, ambako wageni wa mbugani walivinunua na kubadilishana wao kwa wao kama watoto na gololi.

Maandishi aliyachonga kinyumenyume. Aliandika kwanza kwenye karatasi laini, akaigeuza, akaikandamiza juu ya soli, ndipo akashika wembe. Wanyama hakuwahi kuwahangaikia namna hiyo. Tembo anayeelekea Kilosa na tembo anayeelekea Iringa ni tembo yuleyule.

Lakini ng'ombe wa Naishorua hakuwa tembo.

Naishorua aliuza shanga kando ya barabara pale Mikumi, hatua chache kutoka lile duka. Siku za kwanza za Editha, mtoto mchanga mgongoni na boksi la kadi mkononi, ni Naishorua aliyesogeza mkeka wake akasema, "Keti kivulini, mama, huyo mtoto hajakosa kitu." Tangu hapo, kila Jumamosi ya kupeleka kadi, Agnesi alimkimbilia, akainamisha kichwa kama watoto wa kwao wanavyofanya mbele ya mkubwa, na Naishorua akamwekea kiganja utosini kabla hajasema neno. Agnesi alijua kuinamisha kichwa kabla hajajua kuhesabu.

Kwa hiyo Lenku, mtoto wa Naishorua, mlinzi kwenye hoteli moja ya watalii, alipopata mchumba, hakuna aliyeuliza kadi za harusi zitatengenezwa na nani. Naishorua alimletea Editha ng'ombe wa udongo ambaye watoto wa bomani walimfinyanga.

"Mchore huyu," alisema. "Na sikio usikosee. Kwetu sikio ndilo jina."

Akamweleza yote, taratibu, huku akitunga shanga. Mji wao hukata sikio la kulia. Kuna mji mwingine, ng'ambo ya mto, wanaokata pengo lilelile, ila sikio la kushoto. Mwaka wa ukame makundi yalichanganyika lamboni, na watu wa ng'ambo wakadai mitamba yao imebaki kwa akina Lenku. Baba yake Lenku aliapa kuwa hana mnyama wa mtu. Akafa wazee hawajamaliza kikao. Maneno yakabaki hewani, na ndiyo sababu mzee Kitashu, baba wa binti, alikaa miaka miwili kabla ya kukubali ng'ombe wa mji ule waingie zizini kwake kuwa mahari.

"Sasa amekubali," alisema Naishorua, na siku ile alicheka hadi jino lake la dhahabu likaonekana. "Nataka kila mtu amwone ng'ombe wetu, na sikio lake, mlangoni kwake."

Editha alimwachia Agnesi sanamu achezee jioni ileile aliyochonga, na hakuilinganisha tena na chochote. Alipokuwa anapiga kadi arobaini macho yake yalikuwa kwenye wino, usizidi, usipungue. Kisha, kwa kutaka zipendeze, akazitia kwenye bahasha na kuzifunga zote kwa gundi.

Alipiga simu ya Naishorua. Haikupatikana. Ya Lenku iliita hadi ikakata. Mumewe, Evance, alikuwa Kidete kwenye kazi za reli, naye alipopokea alisema tu, "Nenda, mke wangu. Simu haina uso." Basi Editha akamsugua Agnesi kwa mafuta ya taa na sabuni, ng'ombe wakafifia wasitoke, wakapanda basi la saa kumi na mbili.

Barabara yote, kupitia kijiji cha Ulaya hadi Mikumi, alikuwa anapanga maneno. Angezikusanya bahasha kabla hazijafunguliwa. Angechonga mwingine leo leo. Harusi ni Jumamosi ijayo, siku saba ni nyingi. Kila kijiji walichopita alijipa tumaini jipya, na Agnesi, gauni limefunika magoti, alimwonyesha ng'ombe wa udongo kila kitu kilichopita dirishani.

Naishorua alikuwa mahali pake, shanga zimetandazwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Aliitika huku anaangalia shanga. Agnesi alikwishamfikia, kichwa ameinamisha. Akangoja. Kiganja cha Naishorua kilibaki juu ya mkeka, kinatenganisha nyekundu na nyeupe. Mtoto alikaa vile, shingo imepinda, mpaka Editha akamvuta taratibu kwa bega.

"Mama Lenku, kadi zimekwisha kwenda?"

"Tangu juzi. Lenku alizunguka nazo kwa pikipiki. Zilikuwa zimefungwa vizuri."

Hakuna kejeli aliyoitia kwenye neno hilo, na hilo ndilo lililomchoma Editha.

"Hamkufungua hata moja?"

"Tufungue ya nini? Mwenye barua ni aliyeandikiwa." Alipitisha uzi kwenye ushanga. "Ya kwanza niliiona jana, kwa muuza dawa za mifugo. Ameibandika ukutani. Akaniuliza, mama, siku hizi mmehamia ng'ambo?"

Editha alipiga magoti palepale kwenye mchanga. Alitoa muhuri na pedi, akaeleza jinsi mpira unavyogeuza kila kitu, na kwamba aliyekosea ni mkono wake, si mtu mwingine. Naishorua alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua hukukusudia," alisema. "Ungekusudia ningekutukana, nikapumua."

Lenku alikuja na sare zake za ulinzi, macho mekundu kwa zamu ya usiku. Alisimama juu yao akaiangalia ile ndala ya kijani.

"Dada Editha," alisema, "nilikuomba unichongee ng'ombe. Wewe ukanichongea kwa wakwe."

"Lenku," alisema mama yake.

"Nimesema nini, yeyo? Nacheka mimi." Hakuwa anacheka. "Mzee Kitashu ametuma mtu asubuhi. Anasema ng'ombe wetu wakae kwetu kwanza."

"Nipelekeni kwake," alisema Editha. "Nitamwonyesha."

Naishorua hakwenda. Lenku aliwachukua kwa pikipiki, Agnesi katikati, hadi boma la Kitashu, mwendo wa nusu saa juani. Mzee alikuwa kwenye kigoda nje ya nyumba, shuka begani, kadi juu ya goti. Aliitikia shikamoo ya Editha, na ya mtoto pia, akaagiza waletewe maziwa. Editha hakutegemea wema, na ulimpunguzia nguvu. Kwa mtu mkali angejua aanzie wapi.

Alipiga muhuri kwenye manila mbele yake. Akamweka ng'ombe wa udongo pembeni. Akaeleza tena. Kitashu aliomba ile ndala, akaigeuza huku na huku, akaligusa pengo kwa kucha. Kisha akaibonyeza kwenye wino, akajipiga katikati ya kiganja, akakitazama kwa muda.

"Nimeelewa," alisema. "Hata ng'ombe akinywa lamboni, yule wa kwenye maji sikio lake huwa upande wa pili."

Editha akaitikia haraka. "Ndivyo hivyo hasa, mzee."

"Umewapigia kadi nyumba ngapi?"

"Arobaini."

"Utakwenda na ndala yako nyumba arobaini?"

"Nitakwenda."

"Na nyumba ambazo hizo arobaini zimekwisha kwenda kuzisimulia?"

Editha alimchukua ng'ombe wa udongo, akamrudishia Agnesi.

"Mimi si mtu mbaya, mama," alisema Kitashu, akijifuta kiganja kwa pindo la shuka. "Kijana simkatai. Na wewe hujasema uongo, nakuona. Lakini nikipokea wale ng'ombe wiki ijayo, watu watakuja kuangalia masikio badala ya kumwangalia binti yangu. Na watu wa ng'ambo watasema, mnaona, mji ule wenyewe umekiri, umekiri kwa karatasi. Lile jambo lililolala limeamshwa. Wazee itabidi wakae upya. Tutangoja."

"Hadi lini, mzee?"

Alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hakiuzi.

"Sijui," alisema.

Walipokuwa wanaondoka, binti alitokea mlangoni. Miriamu, ndivyo alivyoitwa; umri wake haukupita sana wa Editha siku alipoacha shule. Alikuwa ameishika kadi nyingine kwa ncha za vidole, asiichafue.

"Ni nzuri lakini," alisema kwa sauti ndogo. Lenku alikuwa anahangaika na pikipiki, akajifanya hakusikia.

Editha alikwenda. Jumapili na Jumatatu alizunguka na Agnesi mgongoni, analala kwa mwenye duka la vinyago, akabisha nyumba kumi na saba. Kwingine walimpa kadi yao bila neno, na hiyo ilikuwa afadhali. Kwingine walimtaka afanye ile miujiza ya ndala, wakaita majirani, watoto wakapigwa ng'ombe mikononi, wakacheka, na mwishoni mtu mmoja akauliza, "Kwa hiyo ng'ombe wenyewe ni wa nani hasa?" Bibi mmoja alikataa kabisa kuirudisha kadi. Tangu azaliwe hakuna aliyemletea kadi, alisema, na ng'ombe ni ng'ombe. Muuza dawa za mifugo aliibandua yake ukutani kwa heshima zote, halafu akakiri kwamba alikwishaipiga picha akaituma kwenye kundi la wafugaji la WhatsApp. Alimwonyesha. Chini ya picha watu walikuwa wameandika mengi. Editha alisoma matatu akamrudishia simu.

Jumanne akarudi Kilosa na kadi kumi na moja.

Jumamosi ya harusi ilipita kama Jumamosi nyingine. Alipiga simu kwa Naishorua, ikapokelewa, akasikia kwato na kengele na mtu anapumua, kisha ikakatwa. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine mfupi zaidi. Hakujibiwa. Evance alirudi mwisho wa wiki akamkuta anachonga.

"Nani huyo?"

"Ng'ombe."

"Editha."

"Huyu nimemgeuza. Angalia." Akampigia muhuri. Sikio lilikuwa mahali pake.

Evance alikichukua kikadi. Alikuwa mtu wa reli, alijua treni ikishapita njiapanda huwezi kuirudisha kwa kuhamisha njia. Hakulisema hilo. Alisema, "Umempendezesha," akaenda kuchota maji.

Alitengeneza vikadi vidogo vya yule ng'ombe, kila kimoja kwa rangi yake, bila kujua vya nini. Mikono ilitaka tu kufanya kitu sahihi. Wino ukimkaukia, alianza tena. Agnesi alimsaidia kupuliza.

Mwezi uliofuata, wazee hawajakaa bado, akapeleka kadi Mikumi kama kawaida, kwa kuwa duka lilimngoja. Naishorua alikuwa amehamisha mkeka wake upande wa pili wa barabara, kwenye jua. Kivuli cha zamani alikiacha wazi, na hakuna muuzaji aliyekikalia.

Editha alivuka.

"Shikamoo mama."

Lori lilipita. Vumbi likatua. Midomo ya Naishorua ilisogea, labda kwa uzi aliokuwa anaulainisha mdomoni.

Editha aliweka kikadi kimoja pembeni ya mkeka, kile cha rangi ya udongo mwekundu, sikio la kulia lina pengo lake. Hakueleza kitu, maelezo alikwishayamaliza kwa watu wengine. Akavuka tena hadi barazani pa duka, akaanza kupanga kadi kwenye ubao, mgongo ameuelekeza barabarani. Alipanga twiga, akapanga tembo. Akagundua amewapanga juu chini, akaanza upya.

Alipotafuta mkono wa mtoto kando yake, haukuwepo.

Alijua alikokwenda. Kichwa chake kilitaka kugeuka na shingo ikakataa. Alimkumbuka vile alivyosimama siku ile, shingo imepinda, anangoja kitu ambacho tangu azaliwe hakikuwahi kuchelewa, na akaona hana nguvu ya kulitazama jambo hilo mara ya pili. Angepaswa kumwita. Aliishika ile pedi ya wino, akaifunga, akaifungua. Magari yalipita. Katikati ya magari alisikia shanga zikigongana kwenye bakuli lao la bati, kisha zikaacha kugongana.

Hakuna sauti ya mtu mzima iliyosema neno lolote. Hilo alilisikia vizuri kabisa.

Zikaja hatua ndogo, kandambili zinazopigapiga visigino, zikavuka, zikapanda ngazi ya baraza. Agnesi alisimama ubavuni mwake. Mikono yake ilikuwa mitupu. Ng'ombe wa udongo alikuwa amemwacha huko.

"Mama, bibi amenigusa kichwa."